Sufuria ya Ugali, Siku ya Tatu

Jumatatu, saa nne asubuhi, chai ya ofisini. Dada wa mauzo anasimulia jinsi mumewe anavyoacha taulo iliyolowa kitandani kila asubuhi, mwaka wa 11 huu, na kila asubuhi anaapa ataitupa dirishani, taulo pamoja na mwenyewe. Tunacheka. Dereva anaingiza yake: mkewe halali bila redio, na redio yenyewe ni ya mahubiri hadi alfajiri. Mhasibu mkuu, mtu wa maneno machache, anasema mkewe humtilia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, kisha anaposhika kikombe humkumbusha kuwa ana kisukari. Zamu inazunguka meza kama sahani ya mandazi, hadi inanifikia.

Nami ninayo. Ninayo kuliko wote pale. Jikoni kwangu kuna sufuria ya ugali iliyolowekwa tangu Ijumaa usiku. Mtu ninayeishi naye mwaka wa sita sasa anaamini kwamba ukishamimina maji kwenye sufuria, kazi yako imekwisha na malaika watamalizia. Lakini nilitafuna andazi nikanyamaza.

"Wewe shukuru Mungu bado uko huru," dada wa mauzo akanipiga bega. "Haya huyajui."

Nina miaka 38.

Nikatoa simu chini ya meza, nikaandika kwenye kundi letu: "Siku ya tatu. Ukoko umeanza kuelea." Kabla chai haijapoa majibu yalikuwa yamemiminika. Kuloweka si kuosha, mwambie. Kwetu huko kunaitwa kuahirisha. Usithubutu kuiosha wewe, ukiiosha leo utaosha mpaka uzeeni. Mmoja akataka picha. Mwingine akauliza kama kuna sufuria nyingine au tunakula mkate tangu Ijumaa. Halafu Bi Mkubwa akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, ambao sikuweza kuusikiliza pale mezani. Nilijua tu utaanza na "wanangu", na ndani yake kutakuwa na mwanamume aliyeachwa mwaka 1989 kwa kosa la jikoni.

Nilirudi kwenye meza yangu ya kazi nimeshiba.

Watu wasiotujua wakisikia kuna kundi la mashoga kwenye simu, wanajenga picha zao kichwani, na picha hizo zina joto kuliko chochote nilichowahi kukiona humo. Tupo 31. Tunazungumzia bei ya mtungi wa gesi. Tunazungumzia tokeni za stima zinazoisha Jumapili usiku, mama mwenye nyumba anayepandisha kodi bila kupaka hata rangi, mgongo, dawa ya mgongo, na mganga wa mgongo ambaye mmoja wetu alimlipa na bado anatembea kaupande. Kuna wawili wanaoshabikia timu mbili za Uingereza na hawasalimiani wikendi. Ugomvi mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao, uliomfanya mtu mzima kutoka kwenye kundi kwa siku tisa, ulihusu nyanya kwenye pilau. Wa Pwani tulisema pilau ya nyanya ni wali mwekundu. Wa bara wakasema tunajidai. Sisi hatukuomba msamaha, na hatutaomba.

Najua sheria inasema nini. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatishia miaka 14 gerezani, cha 165 miaka 5, na vyote tuliachiwa na Waingereza walipofunga virago. Nayakumbuka haya kama ninavyokumbuka nambari ya kitambulisho changu. Ila katika siku ya kawaida silifikirii gereza. Nafikiria ile meza ya chai. Kumpenda mtu kwa siri kunawezekana. Binadamu wamefanya hivyo tangu zamani na wengine wametungiwa mashairi. Kumlalamikia mtu kwa siri ndiko kugumu. Lalamiko linataka msikilizaji aguse paji la uso aseme, "Hata wako?"

Kiswahili kimenisitiri sana, nikiri. Amesafiri. Amepika. Anakoroma. Amenuna tangu jana. Hakuna hata kitenzi kimoja hapo kinachouliza kama ni mwanamume au mwanamke, na ninaweza kumweleza mtu mambo yangu ya nyumbani robo saa nzima bila kudanganya na bila kujulikana. Kiingereza ndicho kinachodai kitambulisho mlangoni. Hujamaliza sentensi, tayari umetakiwa kuamua ni "he" au ni "she". Mikutano yetu ya kazi ni ya Kiingereza, na kwa miaka nimekuwa fundi wa kuyarudisha mazungumzo kwenye Kiswahili kila yanaponusanusa nyumbani kwangu. Meneja anadhani ni uzalendo. Mwaka juzi mhudumu wetu alipostaafu, nilipewa mimi kusoma risala, kwa sababu eti nakipenda Kiswahili chetu. Nakipenda kweli.

Hata hivyo kuna mahali nacho kinakukamata. Kuoa na kuolewa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na ukiulizwa "Umeoa?" basi hakuna kiambishi cha kukuokoa. Wawili wa kundi letu walipotimiza miaka 10 pamoja, Kasuku, ambaye hana breki, aliuliza kati yao nani kaoa na nani kaolewa. Usiku ule hatukulala. Kulikuwa na waliochukia swali, waliolijibu kwa kelele, na mmoja aliyeleta suala la nani alilipa kodi ya mwezi wa kwanza. Saa saba usiku Bi Mkubwa akaamka kwenda chooni, akasoma yote, akaandika: "Wameoana. Kitenzi kipo, mlifundishwa darasa la nne, mlikuwa mnachungulia dirishani." Akarudi kulala.

Nieleze Bi Mkubwa. Ni mwanamume anayekaribia miaka 60, mshonaji wa nguo, mzaliwa wa Mji wa Kale Mombasa. Si mama wa mtu, ila ndiye aliyelianzisha kundi mwaka 2017 na ndiye anayeamua nani aingie. Alikulia katika nyumba ambazo wanawake waliitana dirisha kwa dirisha: shoga, una chumvi? Shoga, umesikia? Kwao neno hilo lilikuwa na maana ya rafiki wa ndani, mwanamke kwa mwanamke, na kamusi za zamani zinalieleza hivyohivyo. Mimi nilizaliwa Kisauni, na mama yangu alikuwa na mashoga zake hadi siku alipofariki. Nao ndio waliomwosha. Kwa hiyo Bi Mkubwa anapomwambia mtu "shoga yangu", hasemi jambo la kitandani. Anamwita dirishani.

Lakini kundi lina pia vijana wa bara. Mmoja, mtoto wa Nakuru, aliingia akiwa na miaka 21, na siku ya pili Bi Mkubwa akamkaribisha kwa neno hilo. Kijana akatoka palepale. Tulipomtafuta akaeleza kwamba shuleni alipigwa na kundi la wavulana waliokuwa wakilikariri neno hilo kila waliporusha teke. Kwake halikuwa na dirisha wala chumvi. Wengine tulianza kumwandikia historia ya neno, kana kwamba ameomba mhadhara. Bi Mkubwa hakuandika. Alimpigia simu. Hatujui walizungumza nini. Kijana alirudi jioni, na tangu siku hiyo Bi Mkubwa humwita Mjukuu. Sisi wengine bado ni mashoga zake.

Jina la kundi pia lina kisa. Linaitwa Kamati ya Mazishi ya Mzee, na picha yake ni mshumaa. Kila Mkenya mwenye simu yumo katika kamati tatu za mazishi na mbili za harusi, na hakuna anayemchungulia mwenzake kwenye matatu asome habari za jeneza. Wazo lilikuwa la Kasuku, na dunia ikamlipa. Desemba moja alienda kwao magharibi kwa Krismasi, akaiacha simu sebuleni ikichaji. Ikatetemeka mpaka ikataka kuanguka mezani. Mama yake akaiokota, akaona: Kamati ya Mazishi ya Mzee, ujumbe 212.

"Mzee yupi huyo, mwanangu?"

"Baba ya rafiki yangu wa kazini, Mama."

Yule mama akaingia chumbani, akatoka na shilingi 500 zilizokunjwa mara nne, akamkabidhi. Kisha akaitisha maombi.

Kasuku alituandikia akiwa nyuma ya boma: "Jamani, Mama ametoa rambirambi." Mjadala uliofuata ulistahili Bunge. Pesa za marehemu asiyekuwepo hufanywa nini? Wengine walisema zirudishwe kwa kisingizio. Mwalimu, mlokole kuliko wote, alisema zilitolewa kwa nia njema na lazima zitumike kwa mfiwa, kwa hiyo tutafute mfiwa. Mwishowe zilimnunulia unga na mafuta mmoja wetu aliyekuwa amepoteza kazi mwezi huo. Tukadhani yamekwisha. Januari mama akapiga simu: mmemzika lini? Kamati ikaketi, ikamzika Mzee Jumamosi ya pili ya mwezi. Machi akauliza mjane anaendeleaje. Mpaka leo huuliza. Mjane sasa ana kisima, ana binti anayesoma unesi, na goti moja linamsumbua wakati wa baridi. Kasuku husimulia kwa sauti ya mama yake, na sisi hucheka hadi machozi yanatoka. Wiki moja tu nilimsikia akisimulia bila kuigiza. Alisema mama hajawahi kukosa kumwuliza kuhusu watu ambao hawapo.

Januari 2014 mwandishi wa Kenya, Binyavanga Wainaina, alitangaza kwamba yeye ni shoga kwa kumwandikia mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi. Nilisoma maandishi yale nikiwa nimefunga mlango kwa komeo. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, na siku tatu baadaye, tarehe 24, Mahakama Kuu ikasoma hukumu juu ya vifungu nilivyovitaja. Ilikuwa isomwe Februari, ikaahirishwa. Majaji watatu, uamuzi mmoja: vifungu vibaki.

Nakumbuka kundi lilivyokuwa mchana ule. Mmoja alikuwa pale mahakamani akitupa habari kidogokidogo. Akaandika, "Wamekataa." Tiki za bluu zikaonekana, hakuna aliyejibu. Nilikuwa stoo ofisini nikijifanya kuhesabu katoni za karatasi. Zikapita dakika kama arobaini. Kisha Mwalimu, yuleyule, akaandika: "Samahani, unga wa chapati ukiwa umelegea sana mtu anafanyaje?"

Wakati ule nilimkasirikia. Watu wamenyang'anywa, yeye na chapati. Lakini majibu yakaja, moja, kumi, hamsini: ongeza unga, usiongeze unga, uache upumzike, umetia maji ya moto? Aliyekuwa mahakamani akaandika kutoka kwenye ngazi kwamba siri ni kijiko cha mafuta mwanzoni. Usiku Mwalimu alituma picha ya chapati. Zilikuwa ngumu, zimechanika pembeni, ramani ya nchi isiyojulikana. Hakuna aliyemdanganya kwamba ni nzuri.

Kanuni za kundi ni chache na hazina mzaha. Hakuna picha ya sura. Hakuna jina la kazini. Ujumbe unajifuta baada ya saa 24. Mgeni haingii mpaka wawili wetu wameonana naye mchana kweupe, mahali penye sambusa. Sababu ya hiyo ya mwisho naijua kwenye mbavu zangu. Mwaka 2016, kabla sijampata Bi Mkubwa, nilichati na mtu wiki tatu. Alikuwa mcheshi, aliniuliza kama nimekula. Nilipofika alikoniambia, chumbani walikuwa watu watatu. Walichukua simu na shilingi 18,000, wakanisomea jina la kaka yangu na mahali anapofanya kazi. Sikwenda polisi. Ili niseme nimeibiwa, ingebidi niseme nilifuata nini. Kinachoniudhi mpaka leo ni lile swali lake la kama nimekula, kwa sababu kwa miaka miwili baadaye sikuweza kuulizwa hivyo na mtu yeyote nisishtuke.

Mipaka ya nchi nayo huingia kwenye kundi bila kubisha hodi. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kuunda kikosi cha kuwasaka mashoga, serikali ilisema huo ni msimamo wake binafsi, lakini wenzetu wa kule hawakusubiri ufafanuzi. Kwa sheria ya Tanzania Bara adhabu huanzia miaka 30 na kufika kifungo cha maisha. Kwa siku moja picha zao zote zilibadilika: mmoja akawa tangi la maji, mwingine mfuko wa saruji, wa tatu aya ya Zaburi. Wakanyamaza. Wiki nyingi baadaye Tangi la Maji aliuliza, kana kwamba hakuna lililotokea, nani ana dawa ya kunguni. Sijawahi kufurahia kunguni kiasi kile.

Na kuna yule tunayemwita Kampala. Uganda ilipopata sheria yake mpya Mei 2023, yenye adhabu ya kifo ndani yake kwa baadhi ya makosa, ilikuwa na kipengele cha kumwadhibu hata mwenye nyumba anayeruhusu kwa kujua nyumba yake itumike kwa mapenzi hayo. Mahakama ya Katiba ilikifuta kipengele hicho Aprili 2024 na kuacha sehemu kubwa ya sheria, lakini mwenye nyumba wa Kampala hakuwa mtu wa kusubiri mahakama. Alimpa siku tatu. Ujumbe uliingia usiku: "Nina begi mbili na pasi. Hiyo pasi niibebe?" Hiyo pasi ilijadiliwa kwa saa nzima. Ibebe. Iache, ni nzito. Iuze. Bi Mkubwa akaamuru ibebwe, mtu asiingie mji mgeni na shati la makunyanzi. Alifika Nairobi kwa basi la usiku, akalala sebuleni kwetu. Alisema wiki mbili. Alikaa miezi minne. Anakula ndizi kwa kila kitu na anaamini Wakenya hatujui kupika.

Kwenye suala la sufuria, Kampala yuko upande wa mwenzangu. Naye analoweka. Walikuwa wawili dhidi yangu kwa miezi minne, katika nyumba yenye sinki moja.

Sijamtaja mwenzangu jina, mtanisamehe. Kwenye kundi nalitaja mara 20 kwa siku, kwa mapenzi, kwa hasira, kwa kifupi, kwa herufi kubwa. Ofisini nasema "nyumbani". Nyumbani hawapendi vitunguu. Nyumbani wamepata homa. Nimeishi na wingi huo wa heshima hadi wenzangu wanaamini natunza wazazi.

Yote haya nimeyaandika kwa kumbukumbu. Kila baada ya saa 24 mazungumzo yetu yanafutika, ya chapati, ya pasi, ya Mzee na mjane wake. Sina hata mstari mmoja wa kuonyesha.

Jumatatu ile nilifika nyumbani saa moja na nusu usiku. Niliwasha taa ya jikoni, nikaenda moja kwa moja kwenye sinki. Tupu. Sufuria ilikuwa imeinamishwa kwenye kichanja, inang'aa, imesuguliwa mpaka nyuma ambako hakuna mtu husugua. Yeye alikuwa sebuleni anatazama taarifa ya habari, hata hakugeuka.

Nilituma picha. Kundi likapooza.

"Kwa hiyo imekwisha hivyo?" Kasuku akauliza.

"Sasa sisi tutaongea nini?" akaandika Tangi la Maji.

"Tulieni, wanangu," akasema Bi Mkubwa. "Hebu muulizeni leo wanapika nini."

Nikachungulia sebuleni, nikauliza, nikajibiwa.

"Ugali," nikaandika.